Mzee Oduor Alilala Chini Kusikiliza Injini

Elfu tatu na mia sita, mbuzi dume mmoja, na kofia yangu ya sufu. Hiyo ndiyo gharama yote ya ile injini mpaka ikakaa ndani ya Landrova na kukubalika. Nimehesabu mara mbili. Mbuzi nimemhesabu mara tatu, kwa sababu kuna watu Mashimoni, kule Kibera, ambao mpaka leo wanasema hakuwa dume.

Nawaandikia nyinyi vijana wa gereji, mnaochomeka waya kwenye gari na kungoja kioo kiwaambie linaumwa wapi. Siwalaumu. Ningekuwa na kioo kama hicho zamani, leo ningekuwa bado na mgongo. Lakini iko siku mteja atakuja na gari kuukuu, lisilo na pa kuchomeka waya, akuulize, "Fundi, niweke injini gani?" Siku hiyo unikumbuke.

Gereji yangu ilikuwa Kawangware, ndani ya ploti ya Cucu Wangari, bibi mmoja wa kanisa aliyelima mahindi pale mpaka alipogundua kwamba wapangaji huota haraka kuliko mahindi. Ilikuwa miaka ya sabini. Gereji yenyewe ilikuwa mkaratusi mmoja wenye tawi nene la kufungia mnyororo, mabati manne, na mimi. Waliniita Mara Mbili, kwa sababu nilikuwa nahesabu spana zangu mteja akiingia na kuzihesabu tena akitoka. Hawakuniita hivyo kwa ubaya. Nadhani.

Asubuhi moja ya Julai, ukungu ukiwa umeshuka mpaka magotini, nilisikia wimbo. Sauti za wanawake, nzito kwa chini, nyembamba kwa juu, zikija kutoka upande wa Dagoretti Corner. Nikajua ni mazishi, nikavua kofia. Kisha Landrova ikatokea ndani ya ukungu bila mlio wowote wa injini, kama kitu kinachoelea. Nikadhani bado niko kitandani. Ilipokaribia ndipo nikaona miguu: watu kama thelathini, wake kwa waume, wanaisukuma huku wanaimba, na kwenye usukani ameketi mzee mwembamba mwenye koti na tai.

Cucu Wangari akatoka na leso begani. "We Kamau! Umeanza kuzika watu kwa ploti yangu?"

"Hapana, Cucu. Ni gari."

"Gari ndilo limekufa?"

"Naona hivyo."

"Basi waimbe pole pole. Nina wapangaji wamelala, wametoka zamu."

Walikuwa Wajaluo, watu wa ziwa, wapangaji wa Mashimoni na Sarang'ombe, vijiji vya Kibera: wapishi, vibarua, akina mama wa samaki. Walikuwa na chama cha kuzikana. Mtu wao akifia Nairobi hazikwi Nairobi. Lazima arudishwe dala, nyumbani kwao alikozaliwa, akalale karibu na baba yake. Ndiyo maana walinunua Landrova kwenye mnada, na kazi yake ilikuwa hiyo moja tu: kubeba sanduku, kushuka Bonde la Ufa, kupanda upande wa pili, hadi ziwani.

Nikafungua boneti. Krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, ilikuwa imekatika vipande viwili.

"Fundi, inapona?" akauliza yule mzee wa tai.

"Hii haiponi. Hii nayo ni ya kupelekwa dala."

Nikaona nimeharibu biashara kwa ulimi. Halafu mzee akacheka, akacheka mpaka kikohozi kikamkamata, ikabidi ashikwe mabega.

Huyo ndiye Mzee Oduor. Alikuwa amestaafu kulinda godauni Industrial Area, na ndiye mwenyekiti wa chama. Alipopata pumzi akanivuta kando. "Sikiza, omera," akasema, na hilo ni neno la kumwitia ndugu. "Daktari ameniambia kifua hiki hakitamaliza mwaka. Kwa hiyo injini nitachagua mimi mwenyewe."

"Mwenyekiti si ndiye anayechagua?"

"Sichagui kama mwenyekiti. Nachagua kama abiria."

Nimefanya kazi na wateja wa kila aina. Nimeuzia mapadri na nimeuzia majambazi, na kati yao mapadri ndio walibishana bei zaidi. Lakini mteja aliyekuja kukagua safari yake ya mwisho na tai shingoni, sijapata mwingine.

Kichwani mwangu injini ilikuwa tayari. Nilijua dizeli moja ya lori, iko Barabara ya Kirinyaga, nzuri, yenye nguvu ya kung'oa kanisa. Gari la kupanda milima ya Mau likiwa na sanduku na watu kumi linataka nguvu. Mtoto wa shule anajua hilo. Injini ile ilikuwa nzito, ningeongeza springi za mbele, na sampu yake, lile bakuli la oili la chini, ingegusa ekseli, ningeikata na kuichomelea upya. Kazi yenyewe naijua. Na faida yake pia nilikuwa nimeijua, mara mbili.

Tukaenda watatu: mimi, Mzee Oduor, na mama mmoja aliyeitwa Min Akinyi, maana yake Mama Akinyi. Huyu aliuza samaki Sarang'ombe na ndiye aliyekuwa sauti ya chama. Mwuzaji alikuwa Githinji, mtu mnene anayekaa juu ya kiti cha basi katikati ya vyuma vyake kama mfalme.

Sasa shikeni hili, ni bure. Ukifika kununua injini, kabla ya salamu, weka kiganja juu yake. Ikiwa na joto, mwuzaji ameiwasha kabla hujafika, na mtu haamshi mgonjwa mapema bila sababu. Chovya kidole kwenye oili, usugue; ikikwaruza kama mchanga, rudi nyumbani. Shika puli ya mbele uivute na kuisukuma. Ikicheza kama jino la mtoto, krenki imelika. Halafu iwashe, funika mdomo wa kumiminia oili kwa kiganja. Ikikupulizia moshi mkononi kama mzee wa kiko, pistoni zimechoka.

Dizeli ilipita yote. Tuliiwasha ikiwa chini, juu ya matairi mawili, betri pembeni na mafuta kwenye debe. Ardhi ikatetemeka. Spana za Githinji zikaanza kutembea zenyewe kwenye meza. Mimi nikatabasamu.

Mzee Oduor akavua kofia, akatandaza gazeti, akalala chali kando ya injini, mikono kifuani, macho yamefungwa. Min Akinyi akainama kichwani pake, akasema kitu kwa Kijaluo. Akasema tena kwa nguvu. Wapi.

"Zima," Min Akinyi akaniambia.

Nikazima. "Nini tena?"

"Hasikii."

"Asikie nini?"

Akanitazama kwa huruma ile ya kumtazamia mtu wa bara asiyejua kula mgongo wa samaki. "Fundi, sisi mtu wetu tukimpeleka tunamwambia njia. Kila mto, kila mlima. 'Tunashuka sasa. Tunavuka sasa. Usiogope, tuko na wewe.' Asiyeambiwa anabaki nyuma. Shemeji yangu alibaki Molo. Dereva alikuwa na haraka, hakusimama. Mpaka leo dada yangu anamwota amekaa kando ya barabara na kisanduku chake, anauliza magari."

"Sasa si mzime injini, mumwambie, muwashe tena?"

Mzee Oduor akajibu akiwa bado amelala, macho bado yamefungwa. "Ukizima gari na mimi nikiwa ndani, umeniambia nimefika. Nitashuka. Nishuke Molo nikafanye nini na baridi ile?"

Basi nikasimama pale na dizeli yangu ya kung'oa kanisa. Miaka yote nilikuwa nauliza wateja gari linakwenda wapi na linabeba nini. Sikuwahi kumwuliza mtu atasimama wapi, na akisimama anataka kufanya nini.

Kwenye kona kulikuwa na injini ndogo ya petroli, imetolewa kwenye gari la kupeleka mikate madukani. Hakuna aliyeitaka. Githinji mwenyewe alikuwa anaiwekea chai juu. Nikaondoa kikombe, nikaweka kiganja: baridi. Oili laini. Puli imetulia. Nikachomoa plagi, nikaingiza kijiti na kuzungusha krenki kwa mkono, nikaona kijiti kinapanda na kushuka safari ndefu. Hiyo ndiyo nilikuwa natafuta. Injini ambayo pistoni yake ina safari ndefu haipigi kelele na haikimbii, lakini nguvu zake zinakuja mapema, ukiwa chini kabisa, pale unapohitaji kuondoka mlimani. Na injini ya mikate ina siri nyingine: inasimama kila duka, lakini dereva haizimi, kwa hiyo haipoi mchana kutwa. Injini huliwa zaidi na kule kuwashwa ikiwa baridi kuliko na kilomita.

Tukaiwasha. Kule kunguruma kwa injini gari likiwa limesimama sisi tulikuita kupumua. Hii ilipumua kama ng'ombe aliyeshiba.

Mzee akalala tena. Min Akinyi akainama, akasema kwa sauti ya kawaida tu, sauti ya mtu anayeongea na mwenzake jikoni. Nikaona machozi yanatoka pembeni ya jicho la Mzee na kuingia sikioni.

Wateja wawili walioingia wakati huo wakasimama mlangoni. "Kuna nini? Mtu amekufa?"

Githinji akaruka kutoka kwenye kiti cha basi. "Mwamshe huyu mzee! Kamau, mwamshe, unanifukuzia watu!"

"Bado anasikiliza," nikamwambia. "Bei yako ni gani?"

"Elfu mbili na mia tano."

"Basi ataendelea kusikiliza."

"Elfu mbili! Mwinue!"

"Kifua chake kibaya, Githinji. Kuinuka kwake kunachukua muda."

Tuliiondoa pale kwa elfu moja na mia nane, na gazeti lake Mzee akalikunja akaweka mfukoni. Yale mengine mpaka elfu tatu na mia sita ni bamba, ekzosi, mipira, radieta, na chai ya watu thelathini.

Bamba ndilo lililonipa kazi. Injini ya gari moja haikubali gia ya gari lingine hivi hivi, kama binamu wawili waliokosana. Lazima uweke bamba la chuma katikati, lenye matundu ya huku na matundu ya kule. Nilipokuwa najifunza kazi kwa Kalasinga mmoja wa Ngara, nilitengeneza bamba langu la kwanza, nikaliangalia, nikaona liko katikati. Gari likaenda likilia kama mbwa aliyefungiwa nje, na kabla ya Limuru gia ilikuwa imetafuna beringi zake zote. Kalasinga hakunipiga. Alichukua bamba, akapima, likawa limekosea unene wa njiti ya kiberiti. "Umepima na nini?" Nikasema, macho. "Macho," akasema, "ni ya kutafutia mke. Na hata huko uliza watu." Tangu siku hiyo napima kwa chombo, nikimaliza naenda kunywa maji, narudi napima kama kwamba bamba ni la adui yangu.

Lile la Landrova lilikubali. Kwa mipira ya kukalia injini nilikata tairi la trakta, nikaweka tabaka juu ya tabaka, ili mtetemo ufie humo usifike nyuma. Ekzosi nikairefusha mpaka nyuma kabisa, na vyombo viwili vya kumeza mlio. Cucu Wangari alikuja kuangalia, akasikiliza, akasema, "Kwani imewaka?" Sijapata sifa kubwa kuliko hiyo.

Siku ya kulijaribu gari, Mzee Oduor alikataa kuketi mbele. Wakamtandazia godoro nyuma, akalala, mikono kifuani, tai imenyooka, Min Akinyi upande mmoja na akina mama wengine upande wa pili, wakiimba. Mimi dereva. Tukapita Kikuyu, tukapita Limuru, baridi ikaanza kuingia kwenye mifupa, mpaka pale ambapo barabara inafika ukingoni na dunia yote inaanguka. Mnapajua. Siku ile bonde lilikuwa limejaa mawingu mpaka juu, meupe, yametulia kama maziwa ndani ya sufuria, na kilele cha Longonot kimechomoza peke yake. Nikasimamisha gari, nikaacha ikipumua. Nilishuka kidogo kuangalia gurudumu, upepo ukachukua kofia yangu, nikaiona inakwenda zake juu ya mawingu, haina haraka, kama ina mahali inakojulikana. Sikuifuata. Mpaka leo nikifumba macho naiona bado inakwenda.

Wimbo ukakatika. Min Akinyi akasema pole pole, "Jaduong', mzee wetu, tuko ukingoni. Sasa tunashuka. Usiogope."

Mzee hakusema kitu.

"Jaduong'?"

Injini inapumua. Mama mmoja akaanza kulia. Nikaingiza mkono dirishani, nikamshika mguu. Nikaona ni wa baridi, na mkono wangu pia ulikuwa wa baridi, kwa hiyo sikujua ni upi umekufa.

Ndipo akafungua jicho moja. "Nimesikia vizuri. Lakini Kikuyu mmenipitisha bila kuniambia. Mnataka nibaki Kikuyu?"

Walimpiga na leso, wale akina mama, walimpiga wakicheka na kulia mpaka Landrova ikayumba. Tukarudi Nairobi tukiimba, hata mimi, maneno nisiyoyajua. Jumapili iliyofuata ndipo akachinjwa yule mbuzi, wa kushukuru.

Sasa ningekuwa natunga hadithi, ningesema Mzee alikufa mwaka huo, akapelekwa, akaambiwa kila mto. Haikuwa hivyo. Kifua cha Mzee Oduor kilimaliza mwaka, kikaanza mwingine. Mvua za masika zikaja, Kibera ikawa tope, na Min Akinyi akashikwa na homa, akalala Jumatatu, Alhamisi hayupo.

Nilikwenda Sarang'ombe, nikamkuta Mzee Oduor ameketi kwenye kigoda nje ya mlango wa marehemu. Tai hana.

"Pole, Mzee."

"Omera," akasema, "mimi nimekata tiketi, mwingine amepanda."

Niliendesha mimi. Walisema ni kwa sababu naijua injini, lakini ningeomba hata kama wasingesema. Mzee akaketi nyuma kando ya sanduku, na Akinyi, binti wa marehemu, akaketi upande wake wa pili, amemshika mkono. Kazi ya kumwambia marehemu njia ilikuwa imebaki haina mtu. Mzee akaichukua. Sauti yake ilikuwa imekwisha, imebaki upepo tu, upepo wenye maneno ndani. Pale Kikuyu nikasimama, nikaacha ikipumua, nikamsikia anamwambia, "Min Akinyi, hapa ni Kikuyu." Pale ukingoni akamwambia. Naivasha akamwambia. Molo, ndani ya ukungu, akamwambia, na nadhani akamwambia pia yule shemeji aliyebaki pale, kwa sababu aliongea muda mrefu akiwa ametazama kando ya barabara, na Akinyi akafungua mlango wa nyuma kidogo, akaacha nafasi, kisha akaufunga.

Ningeweka ile dizeli ya lori, hakuna neno hata moja la Mzee ambalo lingefika.

Mto wa mwisho kabla ya kwao, sauti ikakatika kabisa. Nilimwona kwenye kioo anafungua mdomo, hakutoki kitu. Akanigusa bega. Akaonyesha sanduku, akanionyesha mimi.

Mimi ni Mkikuyu wa Kawangware. Kijaluo changu ni cha kununulia samaki. Lakini gari lilikuwa limesimama, injini inangoja, watu wote wananitazama, na maji yanapita chini ya daraja. Nikageuka kwenye kiti. Nikasema kwa Kiswahili changu hiki hiki, "Mama Akinyi, tunavuka. Huu ndio mto wenu. Usiogope, tuko na wewe." Nikaweka gia ya kwanza, nikaachia klachi taratibu, tukavuka.

Mzee Oduor naye alikwenda baadaye, kwa zamu yake, na wengi baada yake. Injini ya mikate imevusha watu ambao hata mimi nimeshindwa kuwahesabu, na mnajua mimi nahesabu.

Juzi wameileta Landrova mlangoni kwangu, mara hii juu ya lori la kubeba magari. Injini imepasuka ubavu, haichomeleki. Vijana wa chama wa siku hizi, wenye kola nyeupe na simu mbili mbili, wameniita babu kwa Kikuyu changu, wakasema, "Guka, tuchagulie nyingine." Nimetembea Kirinyaga Road nzima kwa fimbo. Zipo nzuri, zipo za Kijapani zinazopanda Mau kama zinashuka. Lakini mwuzaji mmoja alinionyesha ya kisasa kabisa, akajivunia kwamba gari likisimama inajizima yenyewe kuokoa mafuta. Nikamwuliza inaweza kukatazwa isijizime? Akasema kuna kompyuta inaamua. Nikamwuliza kompyuta inajua kuna nani nyuma? Akanitazama kama nimechanganyikiwa.

Kwa hiyo ni mimi leo naomba ushauri. Nyinyi mnaosoma vioo, niambieni: ni injini gani, kati ya hizi za sasa, nikiisimamisha ukingoni kwenye baridi ile, itabaki inapumua chini chini mpaka mtu amalize kusema? Na kama ina kompyuta, mnaiambiaje inyamaze? Njooni Kawangware, ulizeni Mara Mbili, bei tutaongea. Lakini msichelewe. Akinyi naye sasa ni bibi, anakaa mtaa wa Ayany kwa mwanawe, hatoki tena kitandani, na kila Jumapili baada ya kanisa ananipigia simu kuuliza, "Fundi, umeipata?"